Python inakugomea kwenye Linux? Usifomati, iulize kwanza mashine

Wadau, hii ni ya nyie mnaohangaika na Python kwenye laptopu za mtumba, zile tunazozipiga Ubuntu au Debian kwa sababu Windows mpya inazilemea. Hapa Tanga kuna tabia imezagaa kuanzia Ngamiani mpaka Sahare, Python ikigoma tu mtu anafomati, anaunguza bando kupakua Ubuntu upya gigabaiti zaidi ya tano, anakesha anainstoli, asubuhi anakuta erori ileile. Lazima iwe ileile, maana Python haikuwa imeharibika. Ni nadra mno Python yenyewe kuharibika. Shida nyingi ni kwamba mashine moja ina Python zaidi ya moja na kila anayeita anaita yake, we kwenye terminali unaita moja, pip (inayoinstoli pakeji, yaani nyongeza za Python) inapeleka pakeji kwa nyingine, cron (inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga) nayo ina ya kwake. Kwa hiyo swali la kuanzia ni Python ipi imeitwa, nani kaiita, na kaiitia folda gani.

Mfano nitakaoutumia ni skripti ya duka, inaitwa `ripoti.py`, ipo `/home/duka/mauzo`, kazi yake kusoma faili la mauzo lililotoka Excel na kutoa ripoti ya siku. Kitu kidogo tu, ila kina uwezo wa kukutana na matatizo yote ya humu.

Kabla hujagusa chochote andika hizi:

```
type -a python3
python3 --version
python3 -c "import sys; print(sys.executable)"
pwd
```

Ya kwanza inakutajia Python zote ambazo terminali inaziona, kwa mpangilio inavyozitafuta, ya juu ndo inayoitwa. Usishtuke ukiona `/usr/bin/python3` na `/bin/python3`, hizo ni kitu kimoja, `/bin` siku hizi ni kiungo tu cha kwenda `/usr/bin`. Cha kukushtua ni ukiona `/usr/local/bin/python3` au kitu kilicho ndani ya `/home` kimekaa juu yake, maana yake kuna mtu kainstoli Python nyingine nje ya apt (kiinstoli cha programu cha mfumo) na hiyo ndo unayoongea nayo bila kujua. Toleo nalo linasema mengi: Ubuntu 22.04 inakuja na 3.10, Ubuntu 24.04 na 3.12, Debian 12 na 3.11. Ukiona namba tofauti na hizo kwenye mfumo husika, jua kuna mkono wa mtu.

`python: command not found`

Hii nyepesi. Mafunzo ya zamani yanaandika `python` tupu, wakati Debian na Ubuntu hawajaipa Python 3 jina hilo kwa sababu miaka yote lilikuwa la Python 2, ambayo ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Andika `python3`, yamekwisha. Kama vidole vimezoea kule, `sudo apt install python-is-python3`, hiyo `sudo` ni ya kuendesha komandi kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Lakini ukiambiwa `python3: command not found` hapo kuna jambo zito, kuna mtu ameing'oa. Na hapa niseme kwa herufi kubwa kabisa, usiiondoe wala usiibadilishe Python ya mfumo. Ubuntu inaitumia yenyewe kwa mambo yake, ukiandika `sudo apt remove python3` inakuonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nayo, desktopu ikiwemo, watu wanabonyeza Y bila kusoma. Wengine hawaiondoi ila wanasoma mahali kwamba ili upate toleo jipya ugeuze `/usr/bin/python3` kwa `update-alternatives` ielekee 3.13 sijui, wanageuza, kesho yake terminali haifunguki na apt inalia `No module named 'apt_pkg'`. Hiyo haihitaji kufomati. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na paswedi yako kwenye ile skrini nyeusi, rudisha kiungo kilivyokuwa. Kwa Ubuntu 24.04 ni:

```
sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3
```

Kwa 22.04 weka `python3.10`. Alafu Ctrl+Alt+F2 au F1 kurudi kwenye picha. Toleo jipya ukilitaka, liache likae pembeni na uliite kwa jina lake kamili, `python3.13`, halina ugomvi na mtu.

`error: externally-managed-environment`

Hii ndo iliyojaza watu wengi hasira, hasa waliohama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Umeandika `pip install openpyxl` (pakeji ya kusomea mafaili ya Excel) kama ulivyofundishwa, inakutolea gazeti zima la maneno mekundu. Watu wanadhani pip imekufa. Haijafa, imekatazwa. Debian kuanzia 12 na Ubuntu kuanzia 23.04 waliweka faili linaitwa `EXTERNALLY-MANAGED` ndani ya folda ya Python ya mfumo, pip ikiliona inajua kwamba hii nyumba ina mwenyewe, mwenyewe ni apt. Na sababu ipo: pip na apt zote mbili zikiwa zinaandika sehemu moja zinafutiana, pip inapandisha pakeji ambayo programu ya mfumo ilikuwa inataka ile ya zamani, alafu kitu kisichohusiana kabisa na kazi yako kinaanza kuzingua.

Sasa mtandaoni utaambiwa ufute hilo faili, au uongeze `--break-system-packages`. Jina lenyewe la hiyo swichi linakwambia itakachofanya, mi sijui tunataka onyo gani zaidi ya hilo. Kwenye seva ya majaribio ambayo uko radhi kuitupa, sawa. Kwenye laptopu ya duka, hapana.

Una njia tatu. Kama pakeji ni maarufu iangalie kwanza kwa apt, jina lake linaanza na `python3-`, mfano `sudo apt install python3-openpyxl`, hii ni bora sana kwa mashine ya bando dogo maana inakuja tayari na haina mambo mengi. Kama unachotaka ni programu ya kutumia tu kutoka terminali na siyo ya kuandikia msimbo, tumia pipx, inayoiwekea kila programu chumba chake. Na kama ni mradi wako wenyewe, tengeneza venv, yaani folda yenye Python na pakeji za mradi huo peke yake:

```
cd /home/duka/mauzo
python3 -m venv venv
source venv/bin/activate
python -m pip install openpyxl
```

Ukigomewa kwenye mstari wa pili ikitaja `ensurepip is not available`, ni kwamba Debian na Ubuntu wameigawa Python vipande, kipande cha venv hakimo mpaka ukiombe: `sudo apt install python3-venv`. Futa ile folda ya venv iliyoishia njiani, anza tena.

Venv ilikuwa inafanya kazi jana, leo hakuna kitu

Venv ni mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Ukifunga terminali imeondoka, ukifungua mpya lazima ufanye `source venv/bin/activate` upya, na kila dirisha na lake. Ukiona mwanzo wa mstari hakuna `(venv)` basi haipo. Na kwa kweli huhitaji hata kuiwasha, ukiita `/home/duka/mauzo/venv/bin/python ripoti.py` moja kwa moja inajua yenyewe pakeji zake ziko wapi. Mi naona hii ndo njia safi kuliko zote, hasa kwa kitu kinachojiendesha chenyewe, tutaikuta tena kwenye cron.

Kuna wale wanaohamisha folda nzima ya mradi, au wanaikopi kwenye flashi wampelekee mwenzao Pangani, mwenzao akiandika `pip` anaambiwa `bad interpreter: No such file or directory`. Venv haihamishiki. Ndani ya `venv/bin/pip` mstari wa kwanza umeandikwa njia kamili ya pale ilipozaliwa, ukiihamisha ile njia haipo tena. Unachohamisha ni msimbo wako na orodha ya pakeji, `python -m pip freeze > mahitaji.txt`, huko iendako unatengeneza venv mpya na kuijaza kwa `pip install -r mahitaji.txt`.

Na kuna hili la kuapgredi mfumo. Umetoka Ubuntu 22.04 umeenda 24.04, venv ipo, inawaka vizuri, `(venv)` inaonekana, ila kila pakeji inasema haipo. Fungua uone, `ls venv/lib`, utakuta `python3.10`. Venv ina kiungo tu cha kwenda Python ya mfumo, Python ya mfumo imekuwa 3.12, kwa hiyo inatafuta pakeji kwenye `python3.12` ambayo haimo. Pakeji zako zimekaa palepale ila hakuna anayezitafuta huko. Futa venv, tengeneza upya, usijaribu kubadilisha jina la folda kwa ujanja maana pakeji zenye sehemu za C zimeundwa kwa 3.10 na hazitakubali.

`ModuleNotFoundError` na nimeshainstoli jamani

Umeinstoli, ila kwa nani? Andika `pip --version`, mwishoni inakutajia ni pip ya Python ipi. Linganisha na ile `sys.executable` ya mwanzo. Zikitofautiana ndo jibu hilo. Ili usihangaike tena, acha kuandika `pip` peke yake, andika `python3 -m pip`, au `python -m pip` ukiwa ndani ya venv, hapo unailazimisha pip iwe ya Python hiyohiyo unayoiita.

Sababu nyingine ni `sudo`. Ukiwa ndani ya venv ukaandika `sudo python ripoti.py`, sudo ina njia zake za kutafutia programu, haiijui venv yako, inakwenda Python ya mfumo. Watu wanaweka sudo kila mahali kama chumvi, alafu skripti inatengeneza faili la ripoti likiwa mali ya root, siku ukiendesha bila sudo unakataliwa kuliandika faili lako mwenyewe. Likishatokea: `sudo chown -R $USER: /home/duka/mauzo`.

Ya tatu inachekesha. Mtu anajifunza moduli ya `csv`, faili lake la mazoezi analiita `csv.py`. Anaendesha, anaambiwa `module 'csv' has no attribute 'reader'`, wakati mwingine inaongezea kwamba ni `partially initialized module`. Python inaanza kutafuta moduli kwenye folda ilipo skripti yako, kwa hiyo imekuta `csv.py` yako ikaichukua hiyo, skripti imejiita yenyewe. Badilisha jina. Majina ya kuyaogopa ni `csv.py`, `random.py`, `email.py`, `calendar.py`, `code.py` na jamaa zake.

`Permission denied`

Umeandika `./ripoti.py`. Faili halina ruhusa ya kuendeshwa, `chmod +x ripoti.py`. Au achana nayo, andika `python3 ripoti.py`, hiyo inataka ruhusa ya kusoma tu.

Ila kama faili lipo kwenye flashi, chmod haitasaidia hata uirudie mpaka jioni. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, na hizo hazina mahali pa kuhifadhi ruhusa za Unix. Hazina hata viungo, ndo maana ukijaribu kutengeneza venv juu ya flashi mara nyingi unapata `Operation not permitted` ikitaja `lib64`. Kopi kazi iende kwenye diski ya laptopu, fanyia huko, flashi ibaki ya kubebea.

`/usr/bin/env: 'python3\r': No such file or directory`

Hii naipenda. Faili lipo, python3 ipo, unaiona kwa macho, mashine inasema haipo, na wakati mwingine inakuongezea ushauri wa ajabu kuhusu `-[v]S` ambao hauhusiani kabisa. Au inakuja kwa sura hii: `/usr/bin/python3^M: bad interpreter`. Angalia hiyo `\r`, hiyo `^M`. Skripti imeandikwa au imepitia Windows, na Windows inamaliza kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF, wakati Unix inatumia LF peke yake. Sasa ule mstari wa juu kabisa, `#!/usr/bin/env python3`, unasomwa mpaka LF, ile CR inabaki imeng'ang'ania kwenye jina, na kweli kwenye mashine yako hakuna programu inayoitwa python3 yenye CR mkiani. Kinachowachanganya watu ni kwamba `python3 ripoti.py` inakubali bila shida, kwa sababu Python yenyewe inaelewa miisho yote miwili, anayegoma ni yule anayesoma mstari wa kwanza kabla Python haijaitwa.

Thibitisha kwa `file ripoti.py`, ikikujibu `with CRLF line terminators` umelipata. Dawa:

```
sed -i 's/\r$//' ripoti.py
```

Alafu kwenye kihariri chako cha Windows tafuta mpangilio wa miisho ya mistari uweke LF, la sivyo kesho tena.

Na kama huo mstari wa juu haupo kabisa, terminali inadhani skripti ni ya sheli, utaona `import: command not found`. Ukiwa na ImageMagick ni vituko zaidi, maana ile ina komandi inaitwa `import` ya kupigia picha skrini, kiteuzi cha mausi kinageuka msalaba na mtu anaapa laptopu ina virusi.

Faili la Excel linasomeka ila safu haipo

`KeyError: 'bidhaa'`, na ukichapisha kichwa cha faili unaiona kabisa `bidhaa` imekaa ya kwanza. Excel ukihifadhi CSV ya UTF-8 inaweka alama fulani mwanzoni mwa faili, haionekani, Python inaisoma kama sehemu ya jina, kwa hiyo safu yako inaitwa `\ufeffbidhaa`. Fungua hivi: `open("mauzo.csv", encoding="utf-8-sig")`. Ukikuta `FileNotFoundError` angalia herufi kubwa, `Mauzo.csv` na `mauzo.csv` kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Angalia na `pwd` pia, maana jina tupu la faili linatafutwa pale uliposimama wewe na siyo pale ilipo skripti.

`IndentationError` na `TabError` sitazungumzia, umechanganya tabu na nafasi, kihariri chochote cha maana kina batani ya kurekebisha.

`CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`

Kabla hujaanza kuzima ukaguzi wa usalama kama wanavyoshauriana watu huko, angalia saa ya kompyuta. Andika `timedatectl`. Kompyuta za zamani betri ndogo ya ubaoni, ile CR2032, imeshakufa, umeme ukikatika saa inarudi miaka kibao nyuma, na cheti cha tovuti kilichotolewa mwaka huu kwa mashine inayodhani ni miaka hiyo ya nyuma kinaonekana bado hakijaanza, ndo maana mwisho wa erori mara nyingine unaona `certificate is not yet valid`. Nunua betri, siyo ghali, alafu:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
```

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja mna kisa chenu, saa inakuwa mbele kwa saa tatu kila ukitoka Windows. Windows inahifadhi saa ya ubaoni kwa saa za hapa, Linux inaisoma kama UTC (saa ya dunia, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu) na kuongeza tatu. Ukiwa na intaneti inajirekebisha, ukiwa huna inabaki hivyo. `sudo timedatectl set-local-rtc 1` inamaliza ugomvi, italalamika kidogo, iache ilalamike.

Bando linaisha njiani, au pip inaanza kujenga vitu vyenyewe

`Read timed out` kwenye mtandao dhaifu, ongeza `--timeout 120`. Ikishindikana nenda mahali penye intaneti nzuri na laptopu yoyote yenye mfumo na toleo la Python sawa na lako, pakua bila kuinstoli, beba kwa flashi:

```
python3 -m pip download -d vifurushi -r mahitaji.txt
```

Nyumbani, ndani ya venv:

```
python -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r mahitaji.txt
```

Kama huko ulikopata intaneti kuna Windows tu, ukipakua hivihivi utapata mafaili ya `win_amd64` na nyumbani yatakataliwa. Huko Windows ongeza `--platform manylinux2014_x86_64 --python-version 312 --only-binary=:all:`, ile 312 ni ya Python 3.12, badilisha kulingana na yako.

Ukiona pip inaandika `Building wheel` na feni inapiga kelele, maana yake haikukuta pakeji iliyo tayari kwa mashine yako inajaribu kuijenga kutoka kwenye msimbo wa C. Ikigomea `Python.h: No such file or directory`, weka `sudo apt install build-essential python3-dev`. Ila jiulize kwanza kwa nini imefika huko. Andika `uname -m`. Ikisema `i686` mfumo wako ni wa biti 32, na numpy (pakeji ya hesabu) kwa mfano waliacha zamani kutoa vifurushi vya tayari kwa Linux ya biti 32, unaweza kukaa siku nzima inajenga na mwisho ikashindwa. Kwa mashine hiyo chukua za apt, `python3-numpy`, `python3-pandas` (pandas ni pakeji ya kuchambua majedwali), na ukitaka venv izione itengeneze kwa `python3 -m venv --system-site-packages venv`. Debian 12 bado inahudumia biti 32, Debian 13 iliyotoka 2025 haitoi tena ya kuinstoli kwa hizo.

`No space left on device` ni `df -h`, alafu `python3 -m pip cache purge`, akiba ya pip inakulaga nafasi kimyakimya.

`Killed`, neno moja tu

Hakuna erori, hakuna mstari, Python imekata pumzi. Andika `echo $?` papo hapo, ukipata 137 ni 128 na 9, yaani imeuawa kwa ishara namba 9, na muuaji mara nyingi ni keneli, kiini cha Linux, kwa sababu RAM imeisha. `sudo dmesg | grep -i "out of memory"` itakuthibitishia. Unaweza kuongeza swapu, sehemu ya diski inayoisaidia RAM:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2
```

Hiyo itapumua lakini polepole, hasa kwenye diski ya kuzunguka. Kwa ripoti ya duka dawa ya kweli ni kuacha kulimeza faili zima kwa pandas, soma mstari kwa mstari na moduli ya `csv`, au mpe pandas `chunksize`.

Ukiendesha mwenyewe inakubali, cron ikiendesha haitoki

Cron haiijui terminali yako. Haisomi `.bashrc`, haijui venv, njia zake za kutafutia programu ni `/usr/bin` na `/bin` tu, na inaanzia kwenye folda yako ya nyumbani, siyo ya mradi. Kwa hiyo kwenye crontab (ratiba yake, inafunguliwa kwa `crontab -e`) mwambie kila kitu kwa ukamilifu, na makelele yote yaende kwenye faili uyaone:

```
0 20 * * * cd /home/duka/mauzo && venv/bin/python ripoti.py >> ripoti.log 2>&1
```

Sasa saa. Mwenye duka anasema anataka ripoti saa mbili usiku akifunga hesabu, fundi anaandika `0 2 * * *` (ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa). Hiyo kwa cron ni saa nane usiku, duka limefungwa, laptopu imezimwa, ripoti haiji milele na kila mtu analaumu Python. Saa mbili usiku ni 20, saa mbili asubuhi ni 8. Na kama skripti ipo kwenye seva ya kukodi, nyingi zinakaa UTC, kwa hiyo 20 ya kule ni saa tano usiku ya Tanga, uandike 17, au ubadilishe ukanda wa saa alafu ufanye `sudo systemctl restart cron`, maana usipoiwasha upya inaendelea na ukanda wa zamani.

Alama ya `%` kwenye crontab siyo asilimia, ni mstari mpya, ukitaka tarehe kwenye jina la faili andika `$(date +\%F)`. Kujua kama cron iliita kweli ni `journalctl -u cron`.

Umeme ukikatika saa moja na nusu ukarudi saa tatu, ripoti ya saa mbili imepotea, cron hairudii kilichopita. Kwa mashine isiyo na uhakika wa kuwaka, Ubuntu ya desktopu inakuja na anacron, inayofidia kazi za kila siku pale mashine inapowaka. Weka skripti ndogo ya sheli ndani ya `/etc/cron.daily`, ikabidhi njia kamili kama hapo juu, ipe `chmod +x`, kumbuka itaendeshwa na root kwa hiyo ndani yake tumia `runuser -u duka --` kabla ya komandi ili mafaili yabaki mali ya duka. Na jina lake lisiwe na nukta. Ukiiita `ripoti.sh` au `ripoti.py` inarukwa bila neno lolote, hakuna erori, hakuna kumbukumbu, iite `ripoti` tupu. Kuhakikisha, andika `run-parts --test /etc/cron.daily`, inakutajia zitakazoendeshwa bila kuziendesha, na ripoti yako lazima iwemo kwenye orodha hiyo.